Video ya kambi ifunguke kambini

Tuseme moja kwa moja, bila kuzunguka: video ambayo vijana wa kambi wameitengeneza, halafu watu wa kambi hawawezi kuifungua, hiyo si video ya kambi. Ni ripoti. Michoro ni yetu, sauti ni zetu, lakini ni ripoti ya mtu mwingine.

Na jambo hili haliamuliwi kwenye kikao cha wafadhili. Linaamuliwa kwenye kidirisha kimoja kidogo cha kompyuta, dakika tano za mwisho za mafunzo, watu wameshachoka, gari la shirika linasubiri kwa sababu lazima litoke kambini kabla ya muda kuisha. Mkufunzi anabonyeza kueksipoti, yaani kuitoa kazi kwenye programu iwe faili ambalo mtu anaweza kulitazama. Programu inamuuliza: fomati gani? Picha ya ukubwa gani? Yeye anachagua ile aliyozoea ofisini, basi. Hakuna anayeuliza. Tunapiga picha ya pamoja, tunapewa vyeti, tunaagana.

Lakini hapo imeshaamuliwa nani ataiona na nani hataiona.

Sisi ni vijana kutoka Kongo na Burundi, tuko kwenye kambi na makazi ya Tanzania, Kenya na Uganda. Kati yetu kuna wanaochora, kuna wanaohariri kwa simu, kuna wanaoweka sauti. Andiko hili lina pande mbili: wenzetu vijana, na ninyi kaka na dada zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika. Hatujaja kulalamika tu. Tunaomba kitu ambacho hakihitaji jengo wala gari. Tunaomba mafaili.

KISA KIMOJA KINATOSHA

Tunatoa kimoja, manake vyote vinafanana.

Baadhi yetu tulitengeneza katuni ya dakika tatu kuhusu maji salama wakati wa mvua: kuchemsha maji, kunawa mikono, na mtoto akianza kuharisha umpeleke wapi. Tulikaa wiki tatu. Sauti ya bibi kwenye hadithi aliitoa mama mmoja wa bloku yetu, na ana sauti kweli, akisema "mwanangu" hata wewe unageuka. Mwisho wa mafunzo tukapewa faili moja kwenye flashi moja. MB 450. Maandishi ya Kiingereza yamegandishwa chini ya picha. Tuliambiwa ilionyeshwa mjini kwenye mkutano na watu waliipenda sana.

Sasa njoo kambini. Simu ya kwanza: sauti inasikika, picha nyeusi. Simu ya pili: inakwama kila sekunde mbili. WhatsApp: faili ni kubwa mno. Kibanda umiza cha karibu: mwenye kibanda akachomeka flashi, televisheni ikaandika kwamba haitambui faili, akaturudishia flashi yetu akaendelea na mpira wake. Viswaswadu tusiviongelee kabisa. Yule mama aliuliza mara tatu lini atajisikia. Mpaka shirika lilipoondoka hakuwa amejisikia.

Hilo ni la kwanza. La pili ni kubwa zaidi. Mvua za mwaka uliofuata zilipokuja, kituo cha afya kilichotajwa kwenye video kilikuwa kimehamishwa. Sentensi mbili tu zilihitaji kubadilishwa. Mbili! Lakini faili la kazi, lile lenye michoro na sauti zikiwa bado zimetenganishwa, lilikuwa kwenye laptopu ya mradi. Mradi ulifungwa, laptopu ikarudishwa makao makuu, ikafutwa ili apewe mtu mwingine. Kwa hiyo nakala chache tulizofanikiwa kuzibana wenyewe na kuzisambaza zinamwambia mama mwenye mtoto mgonjwa aende mahali ambapo siku hizi kuna mlango uliofungwa.

Tuliamua kuacha kuisambaza. Wiki tatu za kazi ya vijana tisa.

SANDUKU NA KILICHOMO NDANI

Tuelezane kidogo jinsi mambo yanavyokwenda, kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kubonyeza bila kufundishwa maana yake.

MP4 si video. MP4 ni sanduku. MOV ni sanduku, AVI ni sanduku, 3GP pia ni sanduku. Ndani ya sanduku kuna picha zilizobanwa kwa njia fulani na sauti zilizobanwa kwa njia yake. Njia hiyo ya kubana ndiyo inaitwa kodeki. Ni kama gunia la mgao: nje limeandikwa unga, lakini ni unga gani utajua ukilifungua. Simu inaposema haiwezi kufungua video, mara nyingi sanduku inalijua. Isichokijua ni kilichomo.

Kodeki inayofunguka karibu kila mahali inaitwa H.264. Imekuwepo tangu 2003, ndiyo maana hata simu janja ya zamani yenye kioo kilichopasuka inaielewa. Mdogo wake ni H.265, ilitoka 2013. Hiyo inabana vizuri zaidi, faili linakuwa dogo kwa ubora uleule, lakini simu nyingi za bei ya chini na televisheni za zamani haziiwezi. Ndiyo ile "sauti ipo, picha nyeusi". Kumbe simu haikuwa mbovu. Simu ilipewa kitu ambacho haikuzaliwa nacho.

Halafu kuna uzito. Uzito wa video hautokani na uzuri wa hadithi. Unatokana na hesabu moja: biti ngapi kwa sekunde, mara sekunde ngapi, gawanya kwa 8 upate baiti. Tufanye wote. Video ya dakika tatu ni sekunde 180.

Ukiitoa kwa megabiti 20 kwa sekunde: 20 mara 180, gawanya kwa 8, unapata MB 450. Hiyo ndiyo tuliyopewa.

Ukiitoa kwa megabiti 1.5 kwa sekunde, picha ya 1280 kwa 720: karibu MB 34.

Ukiitoa kwa kilobiti 500 za picha na 64 za sauti, picha ya 640 kwa 360: karibu MB 13.

Ukitoa sauti peke yake, MP3 ya kilobiti 64: MB moja na nusu hivi.

Hadithi ni ileile. Bibi ni yuleyule. Kati ya MB 450 na MB 13 kuna mtu mwenye bando la siku moja, na huyo ndiye tuliyemtengenezea video. Katuni yenyewe, tofauti na video ya kamera, inabanika vizuri, kwa sababu rangi zake ni tambarare na mandhari ya nyuma mara nyingi haisogei. Ni rahisi kuipunguza bila kuiharibu. Kwa hiyo hata kisingizio cha "ubora utapotea" hakina nguvu kubwa kwa kazi kama yetu, mradi tu maandishi yawe makubwa toka mwanzo. Herufi ndogo zikibanwa zinakuwa ukungu.

Usifikiri kwamba YouTube imemaliza hili. Kuweka video YouTube ni kuiweka kwenye rafu ya juu. Mwenye ngazi ataifikia. Kambini video zinatembea kwa Bluetooth, kwa memori kadi, kwa kurushiana kwa programu za simu zisizotumia bando, na kwa yule kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu anayejaza nyimbo na filamu kwa pesa kidogo. Huo ndio mtandao wetu. Video inayotaka kufika lazima ipite hapo.

MAFAILI SITA

Kwa hiyo tunapendekeza: hakuna mafunzo ya video au katuni kuhesabiwa yamekwisha mpaka mafaili sita yawe mikononi mwa vijana. Tunayataja moja moja.

La kwanza, nakala kuu. Hii ndiyo ya ubora wa juu, 1920 kwa 1080, bila maandishi yaliyogandishwa. Hii ndiyo ya mkutano wa mjini, na pia ndiyo ya kutolea nakala nyingine zote. Kila ukibana kitu kilichokwisha kubanwa unapoteza kidogo, kwa hiyo usitoe nakala kutoka kwenye nakala ya WhatsApp. Toa kwenye hii.

La pili, nakala ya simu janja. MP4, picha kwa H.264, sauti kwa AAC, 640 kwa 360, uzito usizidi MB 15 kwa dakika tatu. Kama inatumwa WhatsApp na hamtaki ibanwe tena, itumwe kama dokyumenti, si kama video.

La tatu, nakala ya kiswaswadu. 3GP, picha ya 320 kwa 240 au ndogo zaidi. Fomati hii ilitengenezwa kwa ajili ya simu za kizazi cha tatu na simu nyingi za vitufe zenye kucheza video bado zinaielewa. Watu wa ofisini wanaicheka. Bibi halisi, siyo wa katuni, simu yake ndiyo hiyo.

La nne, nakala ya kibanda na skrini ya uwanjani. MP4 ya H.264, 1280 kwa 720. Hapa ujaribu kwanza kwenye kifaa chenyewe, manake deki za zamani za DVD zenye tundu la flashi mara nyingi zinataka AVI. Na flashi au memori kadi nyingi bado zimepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Filamu ndefu ikikataa kuingia wakati nafasi ipo, sababu ni hiyo, siyo uchawi.

Msidharau hii ya nne. Shirika la FilmAid lilianza 1999 wakati wa vita vya Kosovo kwa kuwaonyesha wakimbizi filamu kwenye skrini kubwa za nje, na baadaye likafanya hivyo Kakuma na Dadaab. Watu mia kadhaa wakitazama kitu kimoja usiku mmoja, kesho yake wanakijadili kwenye foleni ya maji. Simu mia kadhaa hazifanyi hivyo.

La tano, sauti peke yake, MP3. Kwa redio ya jamii, kwa kipaza sauti cha wahamasishaji, kwa simu ambayo haina hata uwezo wa picha. Kabla ya kuitoa, sikiliza ukiwa umefumba macho. Kama hadithi haieleweki bila picha, ongeza sentensi mbili za msimuliaji.

La sita tunaliita faili mama. Hili ndilo tunalolipigania zaidi, kwa hiyo tunalipa sehemu yake.

FAILI MAMA

Faili mama ni mradi wenyewe kama ulivyo ndani ya programu, pamoja na michoro yote, fonti, muziki, na sauti za kila mhusika zikiwa mbalimbali. Ukiwa na nakala kuu una chapati. Ukiwa na faili mama una unga, mafuta na jiko. Chapati iliyokaangwa huwezi kuitoa chumvi.

Kwa nini ni muhimu kwetu kuliko kwa mwingine yeyote? Kwa sababu ya lugha na kwa sababu ya mabadiliko. Kambi moja ina Kiswahili cha Kongo, Kirundi, Kibembe, Kifaransa, Kifulero. Ukivuka kwenda Kakuma unakuta Kisomali na Kiarabu cha Juba. Video ambayo sauti za watu na muziki vimechanganywa vikawa kitu kimoja haiwezi kuhama lugha. Lakini kama muziki na milio iko faili lake na maneno yako faili lake, unabadilisha maneno tu, katuni inaongea Kibembe kesho asubuhi. Wenzetu wa Ubongo pale Tanzania, waliotuletea Ubongo Kids na Akili and Me, vipindi vyao vimetiwa sauti za lugha nyingine, pamoja na Kiingereza na Kinyarwanda. Michoro haikuchorwa upya. Hiyo ndiyo faida ya kutunza vitu vikiwa vimetenganishwa.

Maandishi ya chini nayo ni hivyohivyo. Yasigandishwe kwenye picha. Yakae kwenye faili dogo la SRT, ambalo ni maandishi matupu yenye saa na dakika, unaweza kulihariri hata kwenye simu. Faili la dakika tatu halifiki hata KB 10. Kila lugha SRT yake. Nakala za WhatsApp na kiswaswadu, sawa, gandisha, kwa sababu pale mtu hawezi kuchagua. Lakini nakala kuu iache wazi.

Na faili mama lisifungwe ndani ya programu ya kulipia ambayo leseni yake inaisha na mradi. Hili si la kambi tu. Kwa miaka mingi katuni za mtandaoni zilitolewa kwa fomati ya Flash. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe iliacha kuihudumia, na vivinjari vikaacha kuifungua. Mwenye faili la kazi aliweza kulifungua na kulitoa upya kwa fomati nyingine. Mwenye faili lililokwisha kutolewa peke yake alibaki akitafuta watu wa kumwokolea. Kama hilo liliwapata watu wenye ofisi na umeme, sisi wa sola ya watu kumi tutegemee nini?

Programu za bure zipo na si za kitoto. Blender ni ya bure, na tangu 2002 kodi yake iko wazi kwa kila mtu. Filamu ya Flow kutoka Latvia ilitengenezwa kwa Blender, na mwaka 2025 ilipata Oscar ya filamu bora ya katuni. OpenToonz, ambayo asili yake ni programu iliyotumiwa na Studio Ghibli ya Japani, imekuwa ya bure tangu 2016. Kwa kuhariri kuna Kdenlive. Kwa kubadilisha fomati kuna HandBrake, na VLC inafungua karibu kila kitu. Hizi zinaingia kwenye flashi moja, na mkufunzi akiondoka zinabaki.

Jambo moja la kuongeza, hasa kwa wanaofundisha sehemu zenye umeme wa kubahatisha. Usitoe katuni moja kwa moja iwe MP4. Dakika tatu kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 4320. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 3000, ile MP4 mara nyingi haifunguki kabisa, umepoteza usiku mzima na chaji ya betri. Toa picha moja moja za PNG kwanza. Umeme ukikatika, 3000 zako zipo salama, ukirudi unaendelea na 3001. Mwisho unaziunganisha kuwa video kwa dakika chache. Mkufunzi aliyezoea umeme wa saa 24 hatakuambia hili, kwa sababu halijawahi kumpata.

TUNAYOAMBIWA

Tumeshaongea haya na watu wa mashirika, na majibu tunayajua. Mengine yana haki yake.

Wanasema: faili za kazi zina sura za watu, kuna usalama wa wahusika. Hapa tunakubaliana kabisa. Mama aliyesimulia aliyotendewa njiani, video yake ghafi isizunguke kwenye flashi za vijana. Ifungwe, na ikiwezekana ifutwe. Mtu alikubali kionekane kile alichokubali, basi. Lakini hoja hiyo ni ya mahojiano. Katuni ya bibi na ndoo ya maji haina sura ya mtu. Tusitumie ulinzi wa mama mmoja kuwa kufuli la kazi zote. Kila kazi ipimwe peke yake, na wenye sauti waulizwe.

Wanasema: mkiwa na faili mama mtabadilisha ujumbe, na nembo yetu iko pale. Ni kweli, ujumbe wa afya ukibadilishwa ovyo ni hatari. Lakini ujumbe uliopitwa na wakati ni hatari vilevile, na sisi tumeona. Dawa yake ni makubaliano: tukibadilisha maneno ya afya, mhudumu wa afya wa zoni apitie kabla hatujasambaza, na nembo yenu tuiondoe kama hamkupitia. Mbona ni rahisi?

Wanasema: hamna kompyuta za kufungulia hizo faili. Leo labda. Lakini kuna maktaba za vijana, kuna vituo vya kompyuta, kuna mwenzetu anayesoma kwa udhamini na ana laptopu. Na kuna mwaka kesho. Mtu hanyimwi mbegu kwa sababu leo hana jembe.

Wanasema: muda hautoshi. Hili ndilo tunalolikataa kuliko yote. Kutoa nakala sita za video ya dakika tatu, kompyuta ikiwa ya kawaida, ni kazi ya mchana mmoja. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye mpango wa kazi. Mmetenga siku nzima ya ufunguzi na siku nzima ya kufunga, pamoja na soda. Tengeni mchana mmoja wa mafaili.

TUNACHOOMBA

Kwa kaka na dada wa mashirika. Kabla ya kuandika mradi, ulizeni watu wa bloku wanatazamia wapi: simu gani, kibanda gani, redio gani. Andikeni mafaili sita kwenye mkataba na kampuni au mkufunzi, siyo kwenye ahadi ya mdomo. Nunueni memori kadi na flashi za kugawa, wekeni kwenye bajeti kama mnavyoweka fulana. Na mradi ukifungwa, kabla laptopu haijafutwa, mkae na kundi mnakili pamoja, mtu wa kundi atie sahihi kwamba amepokea. Mnatutia sahihi tukipokea sabuni. Mtutie sahihi tukipokea kazi yetu.

Kwenye ripoti pia. Mnaandika "video moja imetengenezwa, watazamaji kadhaa mtandaoni". Andikeni imefunguka kwenye simu za aina ngapi na iko kwa lugha ngapi. Mfadhili mwenye akili ataipenda zaidi hiyo.

Kwa wenzetu vijana. Usisubiri kupewa. Mafunzo yakianza, siku ya kwanza, uliza mbele ya watu wote: mwishoni tutabaki na mafaili gani? Uliza kwa heshima, lakini uliza. Chagueni mtu mmoja wa kutunza, na mwingine wa pili, flashi mbili kwenye nyumba mbili, kwa sababu nyumba zetu ni za turubai na matope, zinavuja na zinaungua. Yapeni mafaili majina yanayoeleweka: kazi, lugha, tarehe, ukubwa. "Mwisho_mwisho_kabisa_2" si jina. Wewe mwenyewe baada ya miezi sita hutalijua.

Na kabla hujasema kazi imekwisha, chukua simu mbovu kuliko zote kwenye bloku yako. Fungua video hapo. Kama imefunguka, sauti ikasikika, na mwenye simu akacheka pale ulipotaka acheke, basi sasa umeeksipoti. Kama haijafunguka, rudi kwenye kidirisha.

Watu wengi wamesema kwa niaba yetu, na wengi walisema vizuri. Siku hizi tunachora wenyewe na kusema wenyewe. Hilo ni jambo kubwa na tunawashukuru waliotufundisha. Lakini kujifunza kuongea hakutoshi kama sauti inatoka kambini kwenda mbali na hairudi nyumba ya jirani. Mama wa bloku yetu bado anauliza. Tunaichora upya ile katuni sasa, sehemu zilizopotea, kwa programu ya bure na laptopu ya kuazima, na kituo cha afya kikiwa mahali pake pa sasa. Ikiisha, ataipata kwenye simu yake ya vitufe. Na unga wake, safari hii, tunabaki nao.

Wenye kundi wanaotaka mpangilio wa mafaili sita, sambazeni andiko hili, linakilini, libadilisheni kwa lugha yenu. Halina kufuli.